Muulize Mjomba: Kabati la gereji, hela ndogo na chumvi ya Tanga

Safari hii maswali mengi yameangukia sehemu moja, watu wa gereji na karakana za nyumbani wanatafuta pa kuwekea vitu vyao bila kuuza shamba. Nimechukua manne. La kwanza nalijibu kirefu maana lina mambo yote ndani yake, hayo mengine tutapita haraka.

Shikamoo Mjomba. Mi ni fundi pikipiki niko Mabawa hapa Tanga, nimepanga chumba cha mbele kama mita 3 kwa 4 hivi ndo gereji yangu. Vitu vyote vipo chini, spana, soketi, oili, brekshuu, cheni, tairi, mteja akija nusu saa natafuta soketi namba kumi tu. Kulikuwa na kabati la mbao nimelikuta, mchwa wamelimaliza mgongo wote saa hivi ukuta ndo unalishikilia. Nikaenda dukani kuulizia la chuma la milango miwili, nilivyotajiwa bei nikaaga. Nina laki tatu na hiyo nayo naikusanya bado haijatimia. Sasa nimtafute fundi wa kuchomelea, au seremala, au kuna sehemu yanapatikana ya rahisi? Alafu spana zangu zinashika kutu hata nisipozigusa, kabati litasaidia hilo? — Fundi wa Mabawa

Marahaba mpwa wangu, na pole na huo mgongo wa kabati.

Kabla hujampigia fundi yeyote simu, simama katikati ya hiyo gereji yako uangalie vitu vyako kimoja kimoja ujiulize hiki kinahitaji mlango kweli? Tairi haihitaji mlango. Galoni ya oili haihitaji mlango, cheni iliyomo kwenye boksi lake haihitaji, ndoo ya misumari wala. Vinavyotaka kufungiwa ni spana na soketi, drili kama unayo, vipimo, na spea ndogo ndogo za hela ambazo vijana wakija kukaa kwenye benchi mchana zinapungua zenyewe. Nakwambia hivi kwa sababu kinachopandisha bei ya kabati ni milango. Mlango unataka shiti, unataka bawaba, unataka kitasa, unataka fundi akae apime usije ukagoma kufunga, na hiyo yote ni kazi ya saa nyingi, wakati rafu ya wazi ni miguu na mbao za kulalia tu. Kwa hiyo mi ningekushauri uwe na kitu kimoja kidogo kinachofungwa, kingine chote rafu za wazi. Hela yako itakwenda mbali.

Tuanze na hicho kinachofungwa. Usinunue kipya, wala usichongeshe. Tafuta kabati la faili la ofisi, yale ya chuma ya droo nne ya zamani. Ofisi siku hizi zinahamia kwenye kompyuta, mafaili yanapungua, na hayo makabati yanatupwa stoo yanakaa miaka. Yanatoka kwa njia mbili tatu. Kuna minada ya hadhara ya mali chakavu, matangazo yake hubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za umma na mengine hutoka magazetini. Kuna wauza samani za mtumba, na kuna wale jamaa wa vyuma chakavu ambao wananunua kwa kilo, huko ukiwahi kabla halijakatwa unaweza ukalipata kwa bei ya chuma tu maana kwake yeye halina tofauti na mlango wa gari. Zungukia Ngamiani na pembeni ya viwanda, waachie namba yako wakilipata wakwambie. Kwa yale ya shule binafsi au kampuni zinazohama, muulize mlinzi, mlinzi anajua vitu vyote vilivyomo stoo kuliko meneja.

Ila angalizo. Ukiona lina namba ya mali ya serikali imeandikwa kwa rangi ubavuni na muuzaji hana karatasi ya mnada, liache hapo hapo hata kama bei ni tamu. Na ukinunua popote chukua risiti au hata maandishi yenye sahihi, chuma kilichotumika huwa kina historia na wewe hutaki kuwa mtu wa mwisho kwenye hiyo historia.

Ukienda kulikagua vuta kila droo mpaka mwisho. Kama inakwama katikati mara nyingi ni beringi za reli zimetoka, zinarekebishika. Pindua au inamisha uangalie chini, kutu inaanzia kwenye sakafu inapanda, kama kitako kimekuwa kama wavu basi hilo ni la kilo kweli. Kutu ya juu juu isikutishe. Ufunguo ukikosekana usikate tamaa, chomelea vikuku viwili pembeni pitisha nondo nyembamba toka juu mpaka chini mbele ya droo zote, kufuli moja, kwishnei. Na sheria moja ya haya makabati, vyuma vizito viwe droo ya chini kabisa, na usivute droo mbili za juu kwa pamoja zikiwa zimejaa, yale ya zamani mengi hayana kizuizi na litakuja lote mbele juu ya miguu yako. Likaze na ukuta kwa skrubu na plagi.

Sasa rafu. Hapa ndo utamhitaji huyo fundi wa kuchomelea, lakini nenda na hesabu yako mkononi, usiende umesema "nitengenezee rafu ya gereji" maana hapo atakupa hesabu yake. Plaiwudi inauzwa futi 4 kwa 8, yani kama sentimita 122 kwa 244. Ukiigawa kwa urefu sehemu tatu na ukaikata katikati unapata vipande 6 vya karibu sentimita 40 kwa 122. Hiyo sentimita 40 kwenda ndani inatosha gereji ya pikipiki, ukiongeza zaidi utaanza kusahau vitu vya nyuma. Mwambie muuzaji akukatie hapo hapo, wengi wana msumeno wa meza, unabeba vipande kwenye bajaji badala ya kukodi kirikuu.

Fremu: rafu ya ngazi nne yenye kimo cha mita 1.8. Miguu minne ni mita 7.2. Kila ngazi inataka vipande viwili vya 1.22 na viwili vya 0.4, jumla mita 3.24, mara nne inakuwa karibu 13. Ukijumlisha unapata mita 20 na kidogo. Skwea paipu ya inchi moja inakuja mita 6, kwa hiyo ni paipu 4, na ukipanga ukataji vizuri kipande kinachobaki kinatosha kupita mkingamo kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili, huo mkingamo wa nyuma usiuache, bila huo rafu inacheza ngoma. Pima paipu kabla ya kulipa, kuna zinazokuja fupi kidogo ya mita 6 na hapo ndo hesabu yote inaharibika. Vipande viwili vya plaiwudi vilivyobaki, kimoja fanya meza ndogo ya kuwekea jiliwa.

Unene wa plaiwudi chukua milimita 18 kama utaweka injini na boksi za cheni, 12 kwa vitu vyepesi. Kwa kuwa mbele na nyuma inalalia kwenye paipu haitapinda hovyo. MDF na chipbodi, zile bodi za unga na chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, usichukue hata ukipewa punguzo, hapa Tanga hewa peke yake inazivimbisha, bado hujamwagia maji. Marini bodi ile yenye ngozi ya kahawia mafundi wa zege wanaitumia kufungia boksi za nguzo, na wakimaliza jengo wanazo vipande vilivyotumika mara kadhaa ambavyo kwao havina kazi tena ila kwako bado vina miaka. Katembelee wanapojenga, ongea na msimamizi vizuri.

Na kwa kuwa umepanga, usichomelee rafu nzima ikawa kitu kimoja. Mwambie fundi achomelee pande mbili za ubavu kama ngazi mbili, alafu vya kukatiza avifunge kwa bolti na nati. Siku mwenye nyumba akikwambia hama unaifungua unaiweka juu ya gari, na mlangoni inapita. Gharama ya bolti ni ndogo ukilinganisha na ya kuikata kwa grinda na kuichomelea tena uendako. Kwenye kupatana mwambie akutajie vifaa mbali na ufundi mbali, vifaa ununue mwenyewe ukiweza.

Kuhusu kutu, hapa nitakuwa mkweli, kabati peke yake haliponyi. Tuko pwani. Upepo wa baharini unaleta chumvi, chumvi inatua kwenye spana, na chumvi ina tabia ya kuvuta maji hewani, unyevu wa hewa ukishapita kama asilimia 75 inageuka maji kabisa, na usiku wa Tanga kufika huko ni jambo la kawaida. Kwa hiyo spana yako inalala imelowa wewe huoni. Dawa yake ni kufuta. Jioni kabla ya kufunga, kitambaa chenye oili safi kidogo, pitisha, weka kwenye droo. Droo inapunguza hiyo chumvi mpya kutua, kazi yake ni hiyo. Vifuko vile vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na simu usivitupe, viweke kwenye droo ya vipimo. Ule mchele wa kufunga kwenye kitambaa kuvuta unyevu usiuweke kabatini, utaleta panya.

Fremu nayo ipigwe brashi ya waya mpaka iwe safi, msasa, ifutwe na tina, ipakwe redoksaidi ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, alafu rangi ya mafuta mara mbili. Sehemu za kuchomelea ndo zinaanza kuoza kwa hiyo hapo rangi ijae. Ncha za paipu zizibwe, ama kwa vifuniko vya plastiki au fundi aweke kipande cha shiti, zikibaki wazi hewa ya chumvi inaingia ndani na paipu inaoza kutokea tumboni wewe nje unaona rangi inang'aa. Chini ya miguu weka vipande vya tailizi zilizovunjika, sakafu ya saruji inatoa unyevu. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya rafu na ukuta. Hiyo nafasi ndo itakusaidia na mchwa pia, maana mchwa anapanda kwa kujenga njia ya udongo na wewe ukiwa unaona nyuma utamkuta bado yuko kwenye mguu wa chuma hajafika kwenye plaiwudi. Kuna wanaopaka mbao oili chafu ya injini, inafukuza mchwa kweli, mi siipendi, ile oili ina sumu zake kwenye ngozi na chumba kizima kinanuka, na kila kitu utakachoweka pale kitatoka kimechafuka.

Droo za vitu vidogo usinunue. Madumu ya mafuta ya kula ya lita 20, yalaze, kata upande mmoja uache mshikio mbele, yanaingia kwenye rafu yako kama droo, unavuta kwa mshikio. Andika kwa maka penni: PLAGI, BREKSHUU, KEBO. Kreti za soda nazo ni nzuri sana ila zile si zako wala si zangu, zina mwenyewe.

Laki tatu ikikaza, anza na kabati la faili, rafu ifuate mwezi mwingine. Usifanye kinyume, spana zikiibiwa rafu utaipangia nini.

Mjomba habari. Niko Bagamoyo, nyumba yetu ni ya zamani ya mawe na chokaa, kuta nene. Chumba cha nyuma nimefanya karakana ya kuchonga mbao, vinyago na milango midogo. Kila nikipachika kabati ukutani plagi zinatoka na unga, kabati limeshadondoka. Nitumie skrubu ndefu zaidi? — Mchonga mbao, Bagamoyo

Skrubu ndefu itakupa shimo refu zaidi basi. Hizo kuta ni mawe ya matumbawe yamepangwa kwa chokaa na udongo, plasta yake ni laini, na ndani kuna chumvi na unyevu wa miaka yote hiyo. Plagi za plastiki zimetengenezwa kwa tofali la saruji, zikitanuka kwenye chokaa zinasaga tu. Na kila unapotoboa unafungulia ukuta uanze kumomonyoka. Kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe wa hapo Bagamoyo ujue pia kwamba majengo yale yanalindwa kisheria, kutoboa toboa na kubadilisha ukuta ni mambo ya kuulizia kwanza kwa watu wa mambo ya kale.

Simamisha kabati kwa miguu yake, uzito wote uende sakafuni. Wewe ni mtu wa mbao, hilo huhitaji kufundishwa, piga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 iende mpaka juu karibu na boriti za dari, alafu kichwa chake ukifunge kwenye boriti kama boriti ni nzima. Ukuta usiuguse kabisa. Kwa mbao, kama utapata mabaki ya mtiki chukua, Muheza huku kwetu kuna shamba la serikali la Longuza na mbao zake zinatembea pwani yote. Ila uangalie ile ya moyo wa mti, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, ndo mchwa haipendi. Ile nyeupe ya pembeni inaliwa kama msonobari. Na mabanzi ya kiwandani yanatosha kwa mgongo wa kabati, yapige randa upande mmoja tu, huo wa ndani nani atauona.

Mjomba, nina friji bovu la milango miwili, fundi kasema kompresa imekufa kulitengeneza ni hasara. Mume wangu anataka kulifanya kabati la vifaa vyake vya umeme gereji. Mi naona uchafu tu. Nani yuko sahihi? — Mama wa Chumbageni

Shemeji yangu yuko sahihi safari hii, unisamehe. Friji lina raba mlangoni, inafunga hewa, kwa drili na mita na vifaa vya umeme hapa kwetu pwani hilo ni kabati zuri kuliko la dukani kwa maana chumvi haiingii. Na kwa kuwa hewa haitembei, vitu viingie vikiwa vikavu, ukiweka kilicholowa kitabaki kimelowa.

Lakini mambo mawili. La kwanza gesi, asichukue koleo akakata mabomba ya nyuma mwenyewe, amwite fundi friji aitoe hiyo gesi na kompresa kwa utaratibu, kompresa yenyewe inauzika. La pili ni watoto, na hili silifanyii mzaha. Mtoto akiingia kucheza mle na mlango ukajifunga hapati hewa. Kama ni la kizamani lenye kitasa cha kukamata, kitasa king'olewe siku hiyo hiyo. Hata hili la kisasa la sumaku, waweke komeo na kufuli nje ya mlango na liwe limefungwa muda wote likiwa halitumiki. Rafu za kioo zitolewe, ziwekwe za plaiwudi juu ya vipande vya mbao, kioo kile kilitengenezewa nyanya na maziwa. Uchafu unaouona uoshwe na sabuni na siki, mlango uachwe wazi juani siku nzima mtu akiwepo karibu, harufu inaisha. Na rangi ya kulipaka uchague wewe Mama.

Shikamoo Mjomba, mume wangu ana kabati gereji, gereji imeungana na jiko. Humo anaweka petroli kwenye madumu, tina, rangi, na mtungi wa gesi wa akiba. Kabati linafungwa kwa kufuli kwa hiyo anasema ni salama. Nina wasiwasi. — Mama wawili, Pongwe

Marahaba mwanangu, wasiwasi wako uko mahali pake. Kufuli linazuia mtoto, halizuii mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa chini sakafuni, unapita chini ya mlango mpaka unakutana na moto, na moto upo jikoni. Gesi ya mtungi nayo ni nzito vile vile, inakaa chini.

Mtungi wa akiba utoke leo ukae nje pembeni ya nyumba, wima, penye kivuli na upepo, usifungiwe kabatini kamwe. Petroli isiwe ya kuweka akiba nyumbani, anunue ya kazi ya siku hiyo, na ikibidi kubaki ibaki kwenye chombo cha mafuta chenye mfuniko unaobana, nje, kwenye sanduku la chuma lenye matundu chini na juu. Sio dumu la maji wala chupa ya soda, watoto wanakunywa. Tina na rangi za mafuta ziende huko huko. Humo kabatini abakishe grisi, oili ya injini, brashi na vyuma vyake.

Na kama anafikiria kukata pipa la lita 200 kutengeneza hilo sanduku, nimeona wengi wanafanya, amwambie fundi kwanza pipa lilibeba nini. Lililobeba petroli au tina, hata likiwa tupu mwaka mzima, lisiguswe na grinda wala weldingi, mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua. Achukue lililobeba kitu kisichowaka.